Jinsi ya Kujiandikisha na Kupiga Kura katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa: Maelekezo kwa Wakazi wa Dodoma

Ndugu mtazamaji, karibu. Nimesimama mbele ya ofisi ya mtaa hapa jijini Dodoma, na kabla sijaeleza lolote ninaomba uutazame ubao wa matangazo ulio ukutani nyuma yangu, kwa sababu sehemu kubwa ya maelekezo ya leo inauhusu ubao huu. Hapa ndipo hubandikwa orodha ya wapiga kura wa mtaa, na hapa ndipo wengi wetu hatufiki kuangalia, kisha siku ya kura tunarudi nyumbani tukiwa tumenuna.

Uchaguzi ninaouzungumzia ni ule unaotupatia wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wanaokaa nao vikaoni. Hufanyika kila baada ya miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na wa kabla yake tarehe 24 Novemba 2019. Kwa mzunguko huo, unaofuata unatarajiwa mwaka 2029. Tarehe kamili hutangazwa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambaye ndiye hutoa kanuni za kuuendesha.

Hatua ya kwanza ni kuyatofautisha madaftari mawili, na hapa ninaomba tusiharakishe.

Lipo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo hutunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, yenye makao yake makuu Njedengwa hapa Dodoma. Ukijiandikisha katika daftari hilo unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole na unapewa kadi ya mpiga kura. Daftari hilo hutumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Ndiyo, na diwani pia: ingawa tunamwita kiongozi wa serikali ya mitaa, na ingawa anakaa katika baraza la halmashauri, kura yake hupigwa siku ya uchaguzi mkuu, kwa kadi na kwa daftari la Tume.

Ipo pia orodha ya wapiga kura wa mtaa au kitongoji. Hii huandaliwa upya kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa peke yake, chini ya wasimamizi walioteuliwa kwa kanuni za TAMISEMI. Ukijiandikisha katika orodha hii hupigwi picha wala hupewi kadi. Jina lako linaandikwa kwenye fomu, unatia saini au dole gumba, basi. Kwa kuwa hakuna kadi wanayoondoka nayo mkononi, watu huona kama hawakufanya jambo la maana, na wale ambao tayari wana kadi ya Tume hujiona wameshamaliza kazi. Hawajamaliza. Kadi ya mpiga kura, hata kama umeipata mwezi uliopita, haikuingizi katika orodha ya mtaa wako, na vivyo hivyo jina lako kuwa kwenye orodha ya mtaa hakukupi kadi ya kumpigia kura diwani. Mwaka 2024 mambo haya mawili yalikwenda karibu kwa wakati mmoja, kwani Tume ilikuwa inaboresha daftari lake huku TAMISEMI ikiandikisha orodha yake, na waliojichanganya walikuwa wengi.

Hatua ya pili ni kujua kwa uhakika unaishi mtaa gani. Swali hili linaonekana la kitoto, lakini lugha yetu yenyewe inatutega. Neno «mtaa» tunalitumia kwa njia inayopita mbele ya nyumba, na tunalitumia pia kwa eneo la utawala lenye mwenyekiti na mtendaji wake. Kibao cha anwani ya makazi kilichowekwa getini kwako kinakuonyesha namba ya nyumba na jina la barabara. Jina hilo la barabara si lazima liwe jina la mtaa wako wa kiutawala. Katika maeneo yanayojengwa kwa kasi, nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na wenyeviti tofauti. Halafu kuna majina yanayofanana: ukisema unatoka Chamwino, mmoja ataelewa Chamwino ya hapa mjini, mwingine ataelewa wilaya ya Chamwino iliyo upande wa mashariki wa jiji.

Jambo jingine la Dodoma ni kwamba sura ya mahali haikuambii mfumo wake. Mtu wa Hombolo au Zuzu anaweza kuwa na zizi la ng'ombe na shamba la uwele nyuma ya nyumba, lakini yumo ndani ya Halmashauri ya Jiji, hivyo anamchagua mwenyekiti wa mtaa. Mwenzake wa kijiji cha Bahi, Kongwa, Chemba au Mpwapwa anamchagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo siku ya kura atashika karatasi nyingi zaidi.

Njia nyepesi ya kupata uhakika ni kufika ofisi ya mtendaji wa mtaa au wa kijiji na kuuliza. Mtendaji ni mwajiriwa wa serikali, hachaguliwi kwa kura. Ninalisema hili kwa sababu wazee wetu wengi wakitaka jambo la mtaa huenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mtu wa heshima na pengine ndiye anayeijua kila familia, lakini ni kiongozi wa chama cha siasa, na kuandikwa katika kitabu chake si kujiandikisha kupiga kura.

Hatua ya tatu ni kujiandikisha kwenyewe. Masharti ni mepesi: uwe raia wa Tanzania, uwe umetimiza miaka 18, uwe mkazi wa mtaa au kitongoji husika, na usiwe na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari. Hakuna sharti la chama, wala la kumiliki nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja Nkuhungu ana haki sawa na mwenye nyumba wake. Dada wa kazi aliyetimiza miaka 18 naye ni mkazi wa hapo anapolala, na ninawaomba wenye nyumba mwape ruhusa ya nusu saa.

Muda wa kujiandikisha huwa mfupi mno. Mwaka 2019 ulianza tarehe 8 Oktoba, ukapangwa kuisha tarehe 14, kisha ukaongezwa hadi tarehe 17. Mwaka 2024 ulikuwa wa siku kumi tu, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Usitegemee kuongezewa siku. Nenda mwenyewe, kwa sababu huwezi kuandikishiwa na ndugu; mtajie mwandikishaji jina lako kamili, umri wako na mahali unapoishi, kisha umwombe akusomee alichoandika. Usimwonee haya. Majina yetu ya Kigogo na Kirangi huandikwa kwa namna mbili tatu, na herufi moja iliyopotea leo itakuwa mjadala mezani siku ya kura. Kama jina lako katika kitambulisho cha Taifa limeandikwa kwa namna fulani, sisitiza liandikwe hivyo hivyo.

Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alijiandikisha katika kitongoji cha Sokoine, kijijini Chamwino, kwa kuwa ndiko ilipo Ikulu. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kanuni ilivyo: unaandikishwa unapoishi. Mtumishi wa wizara aliyehamia Dodoma, akaacha moyo wake Dar es Salaam, anajiandikisha Dodoma. Kujiandikisha mara mbili, huku na huko, ni kosa la jinai.

Sasa turudi kwenye ubao, ambao ndio hatua ya nne. Uandikishaji ukifungwa, orodha hubandikwa mahali pa wazi kwa siku chache ili wakazi waikague. Katika siku hizo unaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kutafuta jina lako, na usipoliona, au ukiliona limekosewa, umwone msimamizi msaidizi wa uchaguzi papo hapo ili lirekebishwe. La pili ni kuwatazama majirani: ukiona jina la mtu aliyekwisha hama, aliyefariki, asiyefikisha umri au asiyejulikana kabisa hapo mtaani, kanuni zinakuruhusu kuomba lifutwe, kwa kueleza sababu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipuuza hatua hii. Nilijiandikisha siku ya kwanza, nikajivuna kwa wenzangu, sikurudi tena. Siku ya kura nilipanga foleni juani, nilipofika mezani jina halikuonekana. Baadaye nikaja kugundua kwamba nilikuwa nimehama nyumba miezi michache kabla, kituo nilichojiandikishia kilikuwa cha mtaa wa zamani, na mimi nilikwenda kupanga foleni kwenye mtaa mpya. Mtu wa kumlaumu hakuwapo. Siku hizi nikiliona jina langu ubaoni huwa nalipiga picha kwa simu, pamoja na namba iliyo mbele yake, na ninakushauri ufanye hivyo.

Hatua ya tano inawahusu wanaotaka kugombea. Mgombea anapaswa kuwa na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa eneo hilo, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kazi au kipato halali, na adhaminiwe na chama cha siasa chenye usajili, kwa kuwa sheria zetu hazina mgombea binafsi. Zaidi ya hapo, chunga fomu. Mwaka 2019 na mwaka 2024 wagombea wengi, hasa wa vyama vya upinzani, walienguliwa kwa sababu zilizoelezwa kuwa ni kasoro za ujazaji wa fomu, na vyama vyao vikalalamika vikali. Mwaka 2019 baadhi ya vyama vilijitoa kabisa. Haya ni mabishano ambayo video hii haiwezi kuyaamua, ila kwa upande wako chukua tahadhari: jaza kila nafasi, andika jina la eneo na la chama kama yanavyotambulika rasmi, rudisha fomu kabla ya siku ya mwisho, na ubaki na nakala. Ukienguliwa, ipo kamati ya rufani, na siku za kukata rufani ni chache, kwa hiyo usizitumie kulalamika kijiweni.

Kampeni nazo ni fupi. Mwaka 2024 zilikuwa siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba. Hudhuria mikutano ya wagombea zaidi ya mmoja. Usimuulize mgombea uenyekiti wa mtaa kuhusu bei ya mafuta, hana mamlaka nayo. Muulize kuhusu taka, mipaka ya viwanja, ulinzi shirikishi, na namna atakavyotoa barua za utambulisho bila kumsumbua mtu.

Hatua ya sita ni siku ya kura. Mwaka 2024 siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, na vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi vikafungwa saa 10:00 jioni. Nenda mapema. Mwishoni mwa Novemba jua la Dodoma halina simile, na mvua ya kwanza ikishanyesha wenye mashamba ya mbali huondoka alfajiri. Wapitie kituoni kwanza. Beba kitambulisho ulichonacho, iwe cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au kadi ya bima ya afya. Jina lako likionekana utapewa karatasi za kura. Hakikisha umepewa za nafasi zote, uliza kama hujaelewa, kisha ingia faraghani uweke alama ya vema kwa unayemtaka. Palipokuwa na mgombea mmoja mwaka 2024, wananchi walipiga kura ya ndiyo au hapana, kwa hiyo usibaki nyumbani kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha. Mtu asiyeona au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Karatasi usiipige picha, wala usimwonyeshe mtu.

Kura huhesabiwa papo hapo kituoni, mbele ya mawakala, na matokeo hubandikwa. Ubao ni ule ule.

Hatua ya saba wengi huisahau, nayo ni mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa wakazi wa mtaa, ambao unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Kijijini mkutano huo una nguvu kuliko mwenyekiti: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Katika mkoa ambao kila wiki kuna mgeni anayetafuta ekari za kununua, hilo si jambo dogo. Fika ukiwa na kalamu, saini karatasi ya mahudhurio, omba usomewe taarifa ya mapato na matumizi, na kabla kikao hakijafungwa hakikisha katibu ameliandika swali lako katika muhtasari.