King'ora Kikilia Saa Nane Usiku, Nani Atakuja?

REHEMA: Karibuni katika kipindi chetu, tunachokirekodi hapa Ilazo, jijini Dodoma. Mimi ni Rehema, na mwenzangu ni Kaka Elia, fundi umeme ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifunga alamu za nyumbani. Kaka Elia, msikilizaji mmoja anayemalizia nyumba yake Nzuguni anauliza anunue alamu ya bei gani.

ELIA: Ahsante, Dada Rehema. Ningemwomba aiweke bei kando kwa muda, ajibu kwanza swali jingine: king'ora kikilia saa nane usiku, nani atakuja? Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeota haraka katika maeneo ya pembezoni, na si ajabu kukuta nyumba iliyokamilika imezungukwa na viwanja vyenye misingi mitupu. Hapo king'ora kitawaamsha mbuzi tu. Mwenye nyumba ya namna hiyo anahitaji kisanduku chenye laini ya simu, kitakachompigia yeye mwenyewe, kisha jirani aliye karibu zaidi, kisha ndugu mwingine aliyepo mjini. Aliyeko Area C, ambako nyumba zimekaribiana, anaweza kutegemea zaidi kelele.

REHEMA: Na polisi?

ELIA: Namba ya dharura ni 112, lakini hiyo aipige mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba kuna tatizo, si mashine. Tena, laini iliyomo ndani ya kisanduku inahitaji salio kama laini nyingine yoyote. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huifunga, na mwenye nyumba hagundui mpaka siku ya tukio. Mimi huwashauri wateja wangu waiongezee salio siku ileile wanaponunua umeme wa LUKU.

REHEMA: Naomba nikiri jambo. Mwaka jana, wakati wa upepo wa kiangazi, alamu ya kwangu ililia usiku mara tatu ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza majirani walitoka na marungu, mara ya pili alitoka mzee mmoja peke yake, na mara ya tatu hakutoka mtu. Asubuhi yake mama wa nyumba ya pili akaniuliza kwa upole kama lile dude langu halina mahali pa kuzimia.

ELIA: Kihisi mwendo ulikiweka wapi?

REHEMA: Sebuleni, kikitazama dirisha kubwa lenye pazia.

ELIA: Basi hapo ndipo kosa lilipo. Kihisi hicho hakioni mtu kama kamera inavyomwona. Hupima mabadiliko ya joto yanayopita mbele yake. Pazia lililopigwa jua mchana kutwa, likipeperushwa na upepo, linaweza kukidanganya, na hata mjusi akitambaa juu ya kioo chake huonekana kwake kama jitu. Kifungwe kwenye kona, urefu wa mita 2 na kitu kutoka sakafuni, kikiwa kimelipa dirisha kisogo, na kiwe mahali ambapo mwizi atakatiza mbele yake, kwa sababu hakimtambui vizuri anayekijia moja kwa moja. Upande wa pili wa shilingi ni joto la miezi kama Oktoba na Novemba: chumba chenye bati lisilo na dari kinapokaribia joto la mwili, yaani nyuzi 37, tofauti kati ya mtu na ukuta hupungua, na kihisi huwa kizito.

REHEMA: Kwa hiyo usiku mtu ategemee nini?

ELIA: Milango. Ningekuwa na fedha kidogo, ningezimaliza zote kwenye swichi za sumaku za milango na madirisha, kwa maana hizo hulia mwizi akiwa bado mlangoni, wewe na watoto mkiendelea kutembea ndani bila wasiwasi. Tahadhari ni moja: milango yetu mingi ni ya chuma, na chuma huivuruga sumaku ndogo. Fundi atumie swichi kubwa zilizotengenezwa kwa milango ya chuma, au aweke kipande cha plastiki kati ya sumaku na chuma, na ajaribu kufungua na kufunga mara nyingi kabla ya kutoboa ukuta. Alamu isiyotumia waya nayo ijaribiwe hivyo hivyo, kwa sababu kuta za tofali na nondo hupunguza mawimbi.

REHEMA: Umeme ukikatika?

ELIA: Visanduku vingi vina betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7, yaani kipimo cha umeme inaouhifadhi. Mfumo ukivuta ampea 0.2, kwa hesabu ni saa 35, ingawa betri iliyochakaa haifiki huko na king'ora chenyewe hula umeme mwingi. Kinachoua betri hizi ni joto. Mafundi tuna kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, na bado nawakuta wenzangu wakizificha juu ya dari, chini ya bati, eti mwizi asizione.

REHEMA: Kaka Elia, ya kwangu iko juu ya dari.

ELIA: Tangu lini?

REHEMA: Tangu nihamie. Huu ni mwaka wa nne.

ELIA: Leo jioni, bati likishapoa, chomoa waya wa umeme, uache betri peke yake, kisha washa king'ora uone kitalia kwa muda gani. Waambie majirani kwanza.

REHEMA: Nitaanza na mama wa nyumba ya pili.