Kufunga Taa za LED za Pembeni kwenye Tangi la Matumbawe

Karibu. Kabla sijagusa waya wowote, naishusha kamera hadi chini ya hili tumbawe. Ni Acropora, tumbawe gumu lenye matawi. Ukilitazama kwa juu huna la kulalamikia: rangi imekolea, polipi, yaani vile vijinyama vyenye vinywa vinavyochomoza juu ya tumbawe, zimetoka. Sasa tazama huku chini, kwenye matawi ya ndani na ya shinani. Yamekuwa ya kahawia iliyokolea, polipi zimejificha, na hapa mwisho kabisa nyama imeshaachia, kimebaki kiunzi kitupu, ile mifupa ya tumbawe. Taa iliyo juu ya tangi ni nzima na ina nguvu ya kutosha. Ila mwanga wote unatoka sehemu moja, unashuka wima, na matawi ya juu yamekuwa mwavuli kwa yale ya chini.

Ndiyo maana leo tunafunga taa za nyongeza. Na hapa nisikilize vizuri: hatuzifungi ili tangi liwe na mwanga mkali zaidi. Tunataka mwanga ufike mahali ambapo haujawahi kufika. Ukilishika hilo, utajua mwenyewe taa uiweke wapi, uiinamishe vipi na uiwashe kwa nguvu kiasi gani.

Hatua ya kwanza ni kupima. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vimwani vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyofanya usanisinuru na kulilisha tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga vinaoutumia uko kati ya nanomita 400 na 700, na kipimo chake kinaitwa PAR. Mita ya PAR ni ghali, kwa hiyo azima au kodi ukipata pa kuazima, maana utaihitaji siku chache tu. Programu za simu za kupima mwanga achana nazo. Hizo hupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu ni dhaifu sana kwenye bluu, rangi ambayo matumbawe yanaitegemea zaidi. Simu itakuambia tangi ni giza wakati matumbawe yanaungua.

Zima pampu za mawimbi kwa dakika chache ili maji yatulie, la sivyo namba zitarukaruka. Weka kihisio cha mita juu ya tumbawe, uso wake ukitazama juu, andika namba. Halafu fanya kitu ambacho wengi hawafanyi: kishushe hadi ubavuni, kwenye kivuli, na ukigeuze kitazame mbele, kule ambako taa mpya itatokea. Andika na hiyo. Tuseme kileleni umepata 280 na ubavuni 40. Hiyo tofauti ndiyo kazi yetu ya leo.

Kwa makadirio tu, matumbawe laini yanaridhika na PAR ya 50 hadi 150. Yale yenye polipi kubwa kama Euphyllia, yape 100 hadi 200. Acropora na wenzake wa polipi ndogo wanapenda 200 hadi 350. Ubavuni hatutafuti namba za kileleni. Ukiutoa ubavu kwenye 40 ukaufikisha 100 hivi, umefanya kazi kubwa.

Sasa taa yenyewe. Hii niliyoshika ni taa ndefu nyembamba, na urefu wake unakaribia urefu wa tangi. Urefu una maana: balbu ndogo nyingi zilizopangwa kwenye mstari hutawanya mwanga, na kivuli cha tawi moja hufutwa na mwanga wa balbu ya jirani. Ukichukua taa fupi yenye nguvu kubwa, umejiongezea jua la pili na seti nyingine ya vivuli.

Upande wa rangi, tafuta yenye bluu nyingi, kuanzia nanomita 420 hadi 480, na nyeupe kidogo. Nyekundu iwe haba au isiwepo kabisa. Baharini nyekundu humezwa na maji mita chache tu kutoka juu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu tumbawe Stylophora pistillata ulionyesha kwamba mwanga mwekundu unavidhoofisha vimwani vyake. Zile LED za sebuleni zenye mwanga wa manjano zibaki sebuleni. Tumbawe halitakufa siku hiyo hiyo, ila mwani wa kwenye mawe utakushukuru.

Angalia pia maandishi ya IP, yanayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. Mimi siendi chini ya IP67, ambayo maana yake ni kwamba vumbi haliingii na taa inavumilia kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Haturuhusu izame, lakini juu ya tangi la maji ya chumvi kuna marasharasha saa zote. Na kama pesa inaruhusu, chukua yenye dima, yaani kidhibiti cha kupunguza na kuongeza mwanga. Utaona sababu baadaye.

Haya, tufunge. Chomoa umeme wote wa tangi kwanza. Usizime kwa swichi tu, chomoa. Taa moja inakaa mbele, nyingine nyuma, kila moja sentimita 15 hadi 25 juu ya maji. Vishikio viwe vya akriliki au alumini iliyopakwa rangi, kwa sababu chuma cha kawaida kitaota kutu, na kutu hiyo itadondokea ndani ya maji.

Sasa inamisha taa. Hapa usiharakishe. Taa ya mbele ielekee nyuma, kwenye mawe, kwa pembe ya digrii 30 hadi 45. Ya nyuma ielekee mbele, ila iinamishe zaidi kwenda chini ili isikuchome macho ukiwa umekaa unatazama samaki. Naichomeka na kuiwasha kidogo uone. Unaona huu mstari wa bluu unaopiga kwenye kioo? Huo hatuutaki. Mwanga ukipiga kioo utakuwa unafuta mwani kila siku mbili. Nazungusha kidogo... kidogo tena... hapo. Mstari umeondoka kwenye kioo, na sasa ubavu wa Acropora ambao muda mfupi uliopita ulikuwa mweusi, unaonekana tawi kwa tawi. Usiikodolee macho balbu yenyewe, bluu hii ina nguvu kuliko inavyoonekana.

Waya. Kabla haujafika kwenye soketi, uache uning'inie ufanye tumbo chini ya usawa wa soketi, halafu ndio upande. Tone la maji likifuata waya, litadondoka pale kwenye tumbo, halitafika kwenye umeme. Draiva ya taa, yaani kile kisanduku kinachoipa umeme, usiiweke ndani ya kabati karibu na sampu, lile tangi dogo la chini la kuchujia maji, ifunge ukutani, juu na pakavu. Na tangi zima liwe kwenye swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kwenye hili sina mjadala: maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno.

Tumefika kwenye sehemu inayoua matumbawe ya watu wengi, yaani kuwasha. Ule ubavu umeishi kivulini miezi mingi. Vimwani vyake vimejaa rangi ili kunasa kila mwanga mdogo unaopita. Ukiupiga mwanga mkali kwa ghafla, vimwani vinazidiwa, vinaanza kuzalisha oksijeni ya sumu, na tumbawe linavitema. Huko ndiko kupauka.

Kwa hiyo taa za pembeni anza na asilimia 20 hadi 30. Papo hapo punguza taa kuu kwa asilimia 10 au 15, kwa sababu sehemu ya mwanga mpya itaangukia kileleni pia, na kilele hakihitaji nyongeza. Baada ya hapo pandisha taa za pembeni kwa asilimia 5 hadi 10 kila wiki. Ukiona dalili yoyote mbaya, rudi hatua moja nyuma ukae hapo wiki mbili.

Kama taa yako haina dima, usikate tamaa. Inyanyue juu zaidi, au iwashe kwa muda wa saa mbili tu katikati ya mchana kisha uongeze nusu saa kila baada ya siku chache. Njia nyingine ni kutandika wavu wa plastiki tabaka tatu nne chini ya taa, ukatoa tabaka moja kila wiki. Hakikisha tu wavu haugusi taa.

Saa za kuwaka: taa za pembeni ziwake ndani ya saa zile zile za taa kuu. Saa 8 hadi 10 za mwanga kamili zinatosha, na asubuhi na jioni unaweza kuacha bluu hafifu kwa saa moja moja. Usirefushe siku ukidhani unaharakisha ukuaji. Matumbawe yanahitaji giza, na mwani mbaya ndio unaofaidi siku ndefu. Tumia taima, usitegemee kumbukumbu yako.

Sasa kusoma dalili, na hapa naisogeza tena kamera. Ncha hii ya tawi ni nyeupe. Watu wakiiona hivi wanaruka kuzima taa. Kwa Acropora, ncha iliyofifia ni sehemu inayokua, tena ni habari njema. Kupauka kwenyewe kunaonekana hivi: eneo pana linafifia, hasa upande unaotazama taa, lakini ukikaribia bado unaona polipi na ile ngozi laini inayong'aa. Tumbawe liko hai, linaomba upunguze mwanga. Ukiona eneo jeupe kavu, halina polipi hata moja, na baada ya siku chache linashika mwani wa kijani, hapo nyama imekufa. Ukingo ulio hai ukiwa na afya unaweza kutambaa polepole ukalifunika tena, lakini kile kiunzi hakitarudisha rangi chenyewe.

Kahawia iliyokolea ni kinyume chake: mwanga mdogo, au nitrati na fosfeti zimezidi. Zoanthus, jamaa laini wa matumbawe, wakirefuka shingo, wanautafuta mwanga. Euphyllia akijikunja mchana kutwa wakati taa zinawaka, umezidisha.

Nikwambie na jambo ambalo wauza taa hawalisemi. Shina linaweza kufa kwa sababu maji hayapiti pale, wala si kwa kivuli. Mwaga chembe kidogo za chakula cha samaki karibu na shina uone zinavyosogea. Zikisimama palepale, hamisha pampu kwanza, taa baadaye.

Kila wiki futa lenzi kwa kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Chumvi ikigandia, tia siki kidogo kwenye kitambaa. Tabaka jembamba la chumvi linakula mwanga bila wewe kujua, na siku utakapoifuta utakuwa umepandisha nguvu ghafla bila kukusudia.

La mwisho, vifaa vya kupimia maji viwe karibu. Tumbawe linalopata mwanga wa kutosha linajenga kiunzi haraka zaidi, na vya kujengea linavitoa kwenye maji: kalsiamu, ambayo uiweke kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao hupimwa kwa dKH na uuweke kati ya dKH 7 na 11. Mwezi wa kwanza pima ualkali mara mbili au tatu kwa wiki, saa ile ile kila mara, kwa sababu kiwango cha mchana na cha usiku hakilingani. Ukikuta unashuka haraka kuliko zamani, ongeza dozi kidogo kidogo, na usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku.