Kuchagua na kufufua mashine kongwe ya kung'arisha sakafu inayofyonza vumbi

Karibu mtazamaji. Mashine iliyo mezani ina brashi tatu chini ya kichwa, mpini mrefu, na mfuko wa vumbi mgongoni. Brashi zinang'arisha, feni iliyo ndani inafyonza vumbi linaloinuka. Ukianza kukusanya mashine hizi, macho yatakimbilia kromu. Kromu iache. Hiyo ni kazi ya nusu saa na kitambaa. Kitakachokusumbua ni njia ya hewa iliyozibwa na nta, na brashi iliyopotea.

Kabla hujatoa pesa, laza mashine ubavu, plagi ikiwa nje ya soketi, usome bamba la maelezo ya umeme. Mashine za Marekani ni za volti 110 hadi 120. Ukichomeka kwenye 230, mota inaungua. Za Ulaya nyingi ni 220, ila zipo kongwe za 127. Suala la hazi 50 au 60 lisikutishe, maana mota hizi zina kaboni (vipande vya makaa vinavyopitisha umeme) na amecha (sehemu ya mota inayozunguka) na hazijali. Ukiona bamba limeandikwa AC na DC pamoja, mashine ni ya enzi ambapo baadhi ya nyumba zilikuwa bado na umeme wa DC, yaani usiogeuka mwelekeo kama wa AC. Maandishi "Western Germany" yanakuweka kati ya 1949 na 1990. Namba ya hataza (haki ya uvumbuzi) nayo inasaidia, lakini usidanganyike: inakuonyesha mashine haikutengenezwa kabla ya mwaka gani, haikupi mwaka wake.

Sasa hesabu vifaa. Seti kamili kwa kawaida ina brashi tatu ngumu za kupaka nta, tatu laini za kung'arishia, na pedi tatu za kumalizia. Brashi mbili nzuri na moja iliyopotea ni hasara, kwa sababu kitovu cha brashi ya kampuni moja hakiingii kwenye mhimili wa nyingine. Ukikuta brashi pekee zinauzwa, nunua hata kama mashine huna bado.

Geuza kichwa cha mashine. Brashi nyingi huchomoka kwa kuvuta tu. Usisokote kwa nguvu kabla ya kutafuta kifungio. Sogeza tochi hapa, kwenye tundu lililo katikati ya brashi. Unaona huo ukoko wa kahawia? Ni vumbi, nywele na nta, vimeshikana kama ulimbo. Ukwangue kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi, kisha ufute mabaki kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo. Madirisha yawe wazi, na mashine isiwashwe mpaka ikauke kabisa na harufu iishe.

Nywele zilizojisokota chini ya vitovu zikate kwa wembe. Brashi moja ikikwama kwa sababu ya nywele hizo, mota inaendelea kuvuta na mkanda unasuguliwa mahali pamoja hadi unaungua. Mkanda wa mpira wa mviringo ukiwa umekatika, zungusha uzi kwenye puli zote, pima urefu, kisha tafuta mkanda mfupi kwa asilimia 5 hivi ili ukae kwa kukaza. Mkanda wenye meno hauna ruhusa hiyo. Idadi ya meno na nafasi kati yake lazima vilingane.

Fungua mota. Anza na kapasita ya kuzuia kelele za redio, mara nyingi kopo dogo karibu na swichi. Za karatasi hunyonya unyevu, na siku ukiwasha hupasuka kwa moshi unaonuka vibaya. Ikishavuja kuelekea bodi, yaani ganda la mashine, unapata shoti ukishika mpini. Ing'oe, hata kama inaonekana nzima. Iliyo kati ya nyaya mbili za umeme weka ya daraja la usalama X2, linaloandikwa juu yake. Inayogusa bodi lazima iwe daraja Y.

Kaboni zitoe moja moja, ukiweka alama ilikotoka na upande uliotazama juu. Ikibaki chini ya milimita 6, badilisha zote mbili. Mpya zikiwa nene kupita kiasi, zisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Shaba ya amecha ikiwa na rangi ya kahawia laini, usiiguse, hiyo ndiyo afya yake. Ikiwa nyeusi, tumia msasa laini wa kawaida. Msasa wa emeri hapana: chembe zake zinapitisha umeme na zinajichimbia kati ya vipande vya shaba. Vipande vichache vikirudi kuungua palepale, waya wa ndani umekatika na amecha inahitaji kusukwa upya.

Waya wa zamani wa mpira ukikunja ukapasuka, tupa. Mashine yenye bodi ya chuma iwekee waya wa nyaya tatu, na ethi (waya wa ardhi) ifike hadi kwenye mpini. Hapa wengi hukosea: mpini umeungwa kwa bawaba, na kutu au rangi hukata njia. Pima kutoka pini ya ethi hadi mahali unaposhika. Isizidi omu 1. Kisha pima insulesheni (kinga ya umeme usivuje) kwa mega, kifaa cha kipimo hicho, ya volti 500. Chini ya megaomu 1, usiwashe. Multimita ya kawaida haitoshi kwa kipimo hiki, kwa hiyo kama huna mega mpelekee fundi umeme.

Mfuko wa karatasi ukikosekana, kata wa kitambaa cha mifuko ya kisasa na uugundishe kwenye kola ya kadibodi iliyokatwa kwa kufuata mdomo. Angalia feni ilipo. Ikiwa nyuma ya mfuko, kuendesha bila mfuko kunapeleka unga wa nta moja kwa moja kwenye mota.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Ya LED haifai. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote na mota haitikisiki, kuna shoti. Mota ikizunguka polepole, toa balbu, inua brashi, iache dakika tano. Cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni kawaida, duara la moto si kawaida. Karatasi ya tishu ikiwekwa ukingoni mwa kichwa inapaswa kung'ang'ania.

Cheche hizo ndizo zinazokataza kupitisha mashine juu ya nta mbichi yenye kiyeyushi kinachowaka: feni inavuta mvuke kuelekea motani. Subiri ikauke.

Kuhifadhi, toa brashi au tundika mashine kwa mpini. Ikisimama juu ya brashi kwa miezi, nywele za brashi zinalala upande na kichwa kinatetema. Zilizolala kidogo zipitishie mvuke wa birika, uzinyooshe kwa kitana, uziache zikauke zikitazama juu. Mgongo wa mbao usilowe. Halafu funga kadi kwenye plagi, uandike kwa herufi kubwa volti za mashine.