Akitoka jela, anarudi kwa nani?

Assalaam aleikum, wazee wetu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni.

Kila mtaa hapa Malindi una mtu wake. Sufuria ikitoweka uani, simu ikichukuliwa dirishani, jina lake hutajwa kwanza, hata kama siku hiyo alishinda Watamu. Huyo ndiye aliyenileta mbele yenu leo.

Mfaransa Émile Durkheim, msomi wa mambo ya jamii, aliandika mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu. Kwake, kazi kubwa ya adhabu haiko kwa mkosaji. Iko kwetu tunaotazama, hutukumbusha tunachokithamini na kutuunganisha. Nakubali, na hapo ndipo penye hofu yangu. Mtu akipigiwa kelele za mwizi, majirani wasiosalimiana mwaka mzima huwa kitu kimoja kwa dakika chache, na roho inatoka kwa ajili ya simu. Lakini aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, nani amewahi kumkimbiza kwa mawe? Mmarekani Edwin Sutherland aliwaambia wasomi wenzake jambo hilo mwaka 1939: mnahesabu makosa ya maskini, ya wakubwa wa ofisini mnayapita.

Sasa mtazameni kijana aliyekuwa teja. Hospitali yetu hapa imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, yaani unga, tangu mwaka 2015. Asubuhi anakwenda, anapewa dozi yake, anainywa mbele ya mhudumu, kesho tena. Unga ameuacha. Akitoka hapo anashuka pwani kutafuta kazi, nahodha anamwambia chombo kimejaa, naye anaona nafasi ipo. Akijaribu hotelini anatakiwa alete cheti cha maadili mema kutoka polisi. Anachukuliwa alama za vidole, na kesi ya zamani inaibuka. Jioni anarudi maskani, kwa wenzake wa unga. Ndiko anakokaribishwa. Tukisikia ameiba tena, tunasema tulijua.

Msomi Mmarekani Howard Becker alilieleza hili mwaka 1963: jina tunalombandika mtu humfungia njia nyingine zote. John Braithwaite wa Australia, mwaka 1989, akatenganisha aibu mbili, inayomtupa mtu nje na inayomkemea kisha ikamrudisha. Hii ya pili wazee wa pwani wanaijua: mkosaji anakalishwa barazani, anaambiwa ukweli mbele ya wakwe na ami zake, analipa alichochukua, na Ijumaa anasimama kwenye safu na wenzake. Sheria nayo imefungua mlango. Tangu mwaka 1998 mahakama zetu zinaweza kumpa mtu kazi ya kijamii badala ya kifungo kisichozidi miaka 3, na Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka zihimize suluhu, zikiwemo za kimila.

Ila hapa sitanyamaza. Mtoto akinajisiwa, hakuna suluhu ya sebuleni. Familia mbili zinazohesabu pesa juu ya mkeka ili kesi iishe zinamwadhibu mtoto mara ya pili. Hiyo ni ya polisi na hospitali, siku hiyo hiyo, kabla nguo hazijafuliwa.

Kwa hawa wa simu na sufuria, nina ombi. Wenye vyombo nawaona mmekaa pale kushoto. Kaskazi inakaribia, mtahitaji mabaharia. Kila mmoja achukue kijana mmoja kutoka kliniki, amlipe sawa na wenzake. Dozi yake ni ya asubuhi, kwa hivyo mpangieni safari za baada ya hapo. Majina nitayapokea hapa mezani.