Mbwa wa kuokota ana woga, adabu itafuata

Haya jamani asanteni kwa kuja, sogeeni huku kwenye kivuli. Pale getini karibu kila mtu kaniuliza swali lilelile, mbwa nimemtoa mtaani, hana adabu, nimfanyeje. Sasa mi naomba hilo la adabu tuliweke pembeni kwanza, kwa sababu mbwa wa wiki ya kwanza anachokuwa nacho ni woga tu, hajui we ni nani, hajui kesho atakula, hajui kama fimbo iliyosimama pale mlangoni ni ya kwake.

Mimi mbwa wangu, Chausiku, nilimtoa gereji, alikuwa amefungwa waya wa breki shingoni mpaka ngozi imechubuka. Nikamleta nyumbani nikijua atafurahi, kumbe kafika tu kaingia nyuma ya mapipa ya maji kakaa huko siku nne. Watoto wanamwita, majirani wanakuja kumchungulia, mi namsukumia bakuli, na kila tukimbembeleza ndo anazidi kujibana ukutani. Siku ya tano nikawatoa watu wote uani, nikachukua kigoda nikakaa nimempa mgongo, mkono nimeuweka nyuma na dagaa kiganjani, kimya. Nilikaa mpaka miguu ikaingia ganzi. Mara nikasikia pumzi ya moto kwenye vidole, akamchukua dagaa mmoja kwa midomo tu, meno hata hayakunigusa, akarudi mbio. Akaja tena. Dagaa wa tatu alimlia palepale mgongoni kwangu, namsikia anavyotafuna.

Kwa hiyo siku za mwanzo mpe kona yake, gunia au blanketi kuukuu, maji, chakula saa zilezile kila siku, na wageni wasubiri. Kuoga nako kusubiri, msimwogeshe siku anayofika, mtu hamjui halafu anammwagia maji! Geti lifungwe muda wote na shingoni awe na mkanda wenye namba yako ya simu, mbwa mgeni akipata upenyo anakimbia na njia ya kurudi haijui. Ugali wa dona na dagaa sawa, ila vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, inaweza kumchana utumbo. Na wiki hiyohiyo daktari wa mifugo amwone, minyoo, kupe, chanjo ya kichaa.

Huu mtindo wetu wa kumfungia mbwa bandani mchana kutwa halafu usiku unamfungulia alinde, mi siupendi na nausema wazi. Mbwa asiyeona watu mchana atajifunzia wapi kukaa na watu? Banda liwepo, ila mlango wazi, liwe chumba chake cha kulala.

Sasa kuunguruma, hapa naomba mnisikilize sana. Mbwa akiogopa anasema mapema, anageuza uso, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo na usingizi hana, mkia unaingia katikati ya miguu. Usipomwelewa ndo ananguruma. Ile ngurumo ni neno lake la mwisho kabla ya meno, na sisi tunampiga kwa ajili ya hilo neno. Kwangu ndugu mmoja wa nyumbani alikuwa akimchapa Chausiku na kandambili kila akinguruma, na kweli akaacha, tukasema amenyooka. Wiki mbili baadaye mtoto wa dada yangu kamwinamia anakula, akamng'ata mkono, hakunguruma wala nini. Angenguruma wapi wakati tulishamkataza?

Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima, mtoto analia, halafu hospitali palepale. Chausiku alikuwa na chanjo na bado daktari akasema awekwe chini ya uangalizi siku 10, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo, wanaopona ni wa kuhesabu. Zile siku 10 sikulala vizuri, na kosa halikuwa la mbwa.

Adabu inafundishwa hivi. Mkubaliane neno moja nyumba nzima, sio baba anasema kaa, mama keti, watoto siti. Dagaa anapita juu ya pua kuelekea nyuma ya kichwa, akifuatisha kwa macho makalio yanashuka yenyewe, yakigusa chini tu unasema safi na unampa hapohapo, ukichelewa hajui umemlipa kwa lipi. Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku. Akikurukia, geuka umpe mgongo usiseme kitu, akishusha miguu yote minne ndo unamsalimia. Hili la kurukia lichukulieni kwa uzito, jirani yako kavaa kanzu anaenda msikitini na mate ya mbwa kwake ni najisi, ukimfundisha mbwa wako kutulia getini umemheshimu jirani. Mkojo ndani, msimsugue pua kwenye mkojo jamani, anachojifunza hapo ni kukojoa mkiwa hamumwoni. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na akikojolea nje umsifie.

Mama pale kauliza inachukua muda gani. Watu wa kazi hii wanapenda kusema siku 3 apumue, wiki 3 aielewe nyumba, miezi 3 ajue ni kwake, ila msiwashikie saa, kila mbwa na alikotoka. Chausiku mpaka mwezi wa saba ndo nilimkuta kalala chali mlangoni, tumbo juu, watu wanamruka wanapita na yeye hata jicho hafungui. Haya, wenye mbwa wa wiki hii msiondoke, tuongee mmoja mmoja.