Vigingi Kwanza, Nyumba Baadaye

Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea. Wengine nawaona wameshaanza kutabasamu. Sawa. Mada ni mipango miji na nyumba nafuu, na leo nitasema vigingi, yaani tupime na kutenga njia na viwanja kabla watu hawajajenga. Na mkinialika tena nitasema vigingi.

Nianze na John Randel. Kijana wa miaka 20, mpima ardhi, mwaka 1808 anapewa kazi ya kupima kisiwa cha Manhattan. New York wakati huo haijafikisha watu 100,000, na karibu wote wamebanana kwenye ncha ya kusini. Kwingine ni mashamba, vinamasi na miamba. Mpango wa barabara za mji ulipotoka mwaka 1811 ulikuwa na barabara 155 za kukata kisiwa, nyingi zikipita mahali ambapo hakuna nyumba hata moja. Makamishna waliopewa kazi ya kuuandaa mpango huo wenyewe waliandika kwamba huenda watu wakacheka.

Randel angeshukuru kama wangeishia kucheka! Alishtakiwa kwa kuingia mashamba ya watu, akakamatwa, akafukuzwa na mbwa. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja, alipoona barabara inakatiza jikoni kwake, aliwarushia wapimaji kabichi. Vigingi vilipigiliwa, vikang'olewa, vikapigiliwa tena. Mwishowe akasimika mawe ya marumaru 1,549, na penye mwamba akatoboa na kuchomeka nondo 98. Mji ulipopanda kaskazini miaka iliyofuata, ulikuta njia yake inaungoja.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Mzee, hiyo ni New York, mji wa matajiri." Ndugu yangu, sikiliza tarehe. Hawakusubiri utajiri ndipo wapime. Tena hawakujenga barabara hizo mwaka 1811. Walitenga tu nafasi yake. Lami inaweza kungoja miaka 30. Nafasi haingoji. Mtu akishajenga pale, bomba la maji na mtaro wa maji taka vitapita wapi? Hapo ndipo inapoanza fidia, kesi, na tingatinga la kubomoa ukuta wa mtu aliyekusanya matofali kwa miaka kumi.

Halafu yuko atakayesema mpango ule ulikuwa na makosa. Ulikuwa nayo! Walisahau bustani kubwa. Miaka ya 1850, walipoitaka Central Park, ikabidi wanunue ardhi na kuwahamisha watu wapatao 1,600, wakiwemo wa Seneca Village, kijiji cha Wamarekani weusi waliokuwa na viwanja vyao wenyewe. Kosa hilo mimi nalihesabu upande wangu: kisichowekewa kigingi mapema, hulipiwa na mnyonge baadaye.

Sasa, nyumba nafuu. Nimetumia muda mwingi kwa Randel, kama kawaida yangu, kwa hiyo nitakimbia. Mwenye kipato kidogo hajengi nyumba kwa mkupuo, anajenga chumba kwa chumba. Villa El Salvador, pembezoni mwa Lima, mji mkuu wa Peru, ilianza mwaka 1971 jangwani kwa vibanda vya mikeka, lakini viwanja na njia vilikuwa vimechorwa, na mikeka ikageuka matofali. Kule Iquique, Chile, familia karibu 100 zilijengewa nusu nyumba mwaka 2004, nusu nyingine wakaachiwa nafasi waimalizie wenyewe, na familia hizo zilibaki katikati ya mji. Meksiko ilifanya kinyume: nyumba kamili, za mkopo, mbali na kazi. Sensa ya 2010 ilikuta nyumba tupu kama milioni 5. Si zote za miradi ile, kweli, lakini nyingi zilikuwa huko pembezoni. Nauli ikila mshahara, nyumba hiyo ina unafuu gani?

Nilitaka pia kusema juu ya kodi ya ardhi inayoachwa tupu ikingoja bei ipande, na juu ya wapangaji, ambao mipango yetu huwasahau kabisa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, dada pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja kabichi. Karibu.