Maumivu baada ya upasuaji wa ligamenti ya goti: unavyojihudumia nyumbani, usiku wa kwanza hadi mwezi wa 9

Karibu mtazamaji. Video hii ni yako wewe uliyeruhusiwa hospitali ukiwa na bendeji gotini baada ya kutengenezewa ligamenti ya mbele, ile iliyoandikwa ACL kwenye karatasi yako. Ni ya mama, dada au shemeji atakayekuuguza pia. Tuko Moshi, kwenye chumba cha kawaida chenye kitanda, kiti cha mbao na kanga mbili, kwa sababu karibu kila utakachohitaji kimo humo humo nyumbani. Jambo moja kabla hatujaanza: kama daktari alishona na meniskasi, yaani gegedu linalokaa kama mto ndani ya goti, fuata mipaka ya kukunja na kukanyagia uliyopewa wewe, hata pale tutakapotaja namba kubwa zaidi.

Tunaanza na usiku wa kwanza, maana ndio unaowatesa wengi. Ganzi ya mgongoni huachia baada ya saa chache. Ile inayochomwa pajani kuzuia neva inaweza kudumu saa 12 hadi 24. Mguu ukiwa bado mzito, mgonjwa anaona hana haja ya kidonge, analala. Saa nane usiku ganzi inaisha na maumivu yanakuja yote kwa mkupuo, na kidonge kinachomezwa wakati huo kinahitaji nusu saa hadi saa nzima ndipo kishike. Kwa hiyo siku 3 hadi 5 za mwanzo meza dawa kwa saa, usisubiri maumivu yakuamshe.

Parasetamoli ndiyo msingi. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na asiye na ugonjwa wa ini humeza vidonge 2 vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Hivyo ni vidonge 8 kwa siku, na hapo ndio mwisho. Soma pakiti za dawa za maumivu za dukani: nyingi ni mchanganyiko wenye parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amezidisha bila kujua. Diklofenaki au ibuprofeni, kama umeandikiwa, humezwa baada ya kula, na kamwe si zote mbili pamoja. Ukiwa na vidonda vya tumbo, shida ya figo au ujauzito, mwambie daktari kabla ya kumeza. Tramadoli huleta kizunguzungu na hufunga choo, kwa hiyo maji mengi, papai na mboga za majani viwe mezani, na usisimame peke yako baada ya kuimeza. Mbege na bia vikae mbali mpaka dawa hizi ziishe.

Sasa tazama mto. Hapa ndipo goti linapoharibiwa na mapenzi ya watu wa nyumbani. Mgonjwa analalamika, mama anamwonea huruma, anamwekea mto chini ya goti. Maumivu yanapungua kweli, kwa sababu goti lililokunjwa kidogo lina nafasi zaidi kwa maji yaliyojaa ndani yake. Lakini likikaa hivyo wiki mbili linajifunza kubaki hivyo. Tishu ya kovu inaweza kujijenga mbele ya ligamenti mpya na kuziba nafasi ya kunyookea, na wapo wanaorudi chumba cha upasuaji kwa ajili hiyo tu. Uondoe mto huo. Weka mito miwili chini ya kisigino na kigimbi, goti lielee wazi, na mguu uwe juu kuliko kifua.

Barafu. Ponda ile ya mfuko inayouzwa dukani, izungushie taulo jembamba lenye unyevu, weka juu na pembeni mwa goti dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha kwa saa 2. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, hasa ngozi inapokuwa na ganzi, maana itaungua nawe husikii. Bendeji na mshono vibaki vikavu: mfuko wa plastiki katikati unatosha. Na tafadhali, hakuna kukanda kwa maji moto, hakuna mafuta ya kuchua. Kuchua kigimbi siku hizi ni hatari hasa, kwa sababu kama damu imeganda kwenye mshipa, mkono unaweza kulisukuma bonge hilo mpaka kwenye mapafu.

Mazoezi yanaanza siku ya kwanza kama daktari hakukataza. La kwanza ni dogo: vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, visukume mbele, mara 20 kila saa ukiwa macho. Damu inatembea.

La pili ndilo kubwa. Viringisha kanga iwe kama chupa, iweke chini ya kisigino. Kaza msuli wa mbele wa paja kama unayetaka kubonyeza goti lishuke kitandani. Angalia kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti: kinapaswa kupanda kidogo kuelekea pajani. Shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10, na seti kama hiyo ufanye 5 au 6 kwa siku. Wengi wanajaribu na msuli haujibu kabisa, wanaogopa kwamba neva imekatwa. Kwa kawaida ni uvimbe: maji ndani ya goti hutuma taarifa inayouzima msuli huo, hata kama wewe una nia. Fanya kwanza mguu mzima, weka vidole juu ya kilegesambwa uhisi unavyokaza, kisha hamia mguu uliopasuliwa. Ukishindwa leo, weka barafu dakika 15 halafu jaribu tena.

La tatu, acha kisigino kwenye kanga hiyo hiyo, legeza mguu wote, dakika 10 mara 3 au 4 kwa siku. Uzito wa mguu wenyewe unanyoosha goti. Utasikia mvuto nyuma ya goti, haupendezi, lakini huo ndio unaoutaka. Lengo la wiki 2 za kwanza ni mguu ulionyooka sawasawa na mwenzake.

Kukunja kunafuata. Kaa kitandani, pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zote mbili, vuta kisigino kikuteleze taratibu kuja kwako. Mikono ndiyo ifanye kazi. Kama kano iliyopandikizwa mahali pa ligamenti yako ilitolewa nyuma ya paja, usiukaze msuli wa nyuma kwa nguvu wiki 6 hivi. Kuinama ghafla kuvaa kiatu goti likiwa limenyooka kunatosha kuuchana. Tafuta nyuzi 90 kufikia wiki ya 2, na karibu 120 kufikia wiki ya 6.

Kipimo chetu cha maumivu ni cha kesho yake. Zoezi likiuma kiasi kisha likatulia ndani ya saa moja, endelea. Goti likiamka limevimba kuliko jana, umezidisha, punguza nusu kwa siku 2.

Magongo. Simama na viatu: juu ya gongo pabaki vidole 2 au 3 chini ya kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito uubebe viganjani. Ukiegemea kwapa, neva inabanwa na mkono unaingia ganzi. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka, magongo yakiwa nao. Wa Kibosho, Machame na Marangu, njia ya kihambani wakati wa masika si ya magongo. Omba hifadhi kwa ndugu anayeishi karibu na lami wiki 2 za mwanzo ikiwezekana.

Choo cha kuchuchumaa usikitumie. Fundi seremala akutobolee kiti imara, kiwekwe juu ya tundu, mguu unyooke mbele. Bodaboda hapana. Kwenye kifodi, yaani daladala ndogo, omba siti ya mbele au lipia mbili za nyuma unyooshe mguu. Sala uisali kwenye kiti.

Utaona weusi na umanjano ukishuka mpaka kifundo cha mguu: ni damu inayofuata mteremko, itaisha. Ganzi sehemu ya ugoko karibu na kovu nayo ni ya kawaida, matawi madogo ya neva hukatwa na kisu. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona kigimbi kimevimba, kimekaza na kinauma, usaha, wekundu unaoenea, au joto la nyuzi 38 na zaidi. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, usisubiri hata asubuhi.

Nyuzi za mshono hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kuanzia hapo usibaki na video peke yake, panga miadi ya fiziotherapia. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara yake, na chuo cha TATCOT kilichopo hapo hapo ndicho kinachofundisha mafundi wa vifaa kama brezi, yaani kifaa cha kushikilia goti, kwa hiyo brezi ikikukwaruza ipeleke kwa fundi, usikunje vyuma mwenyewe.

Sasa tusikilizane vizuri. Wiki ya 6 hadi ya 12 maumivu yamekwisha, unatembea, majirani wanakupongeza. Ndani ya goti, kano iliyopandikizwa iko katika udhaifu wake mkubwa: mwili unaijenga upya ili igeuke ligamenti, na kwanza unailegeza. Kuruka mtaro, kugeuka ghafla sokoni, kumfukuza ng'ombe, kunaweza kuikata bila maumivu kukuonya. Kipindi hiki ni cha kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10 seti 3, kupanda ngazi moja ya chini, na kuendesha baiskeli iliyosimamishwa.

Mpira usubiri angalau mpaka mwezi wa 9 baada ya upasuaji. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Mtaalamu wako akikuruhusu, chora mstari wa chaki, ruka kwa mguu mzima utue kwa mguu huo huo na utulie sekunde 2. Pima mara 3, chukua wastani. Ukifika sentimita 150, mguu uliopasuliwa ufike 135, bila goti kuingia ndani unapotua. Ukipata 120, rudi kwenye kiti na ngazi wiki 4, kisha chora mstari tena.